Aliyeshika Mizani

Daladala inayotoka katikati ya jiji la Mwanza kwenda Kisesa hupita Igoma, na Igoma kuna makaburi ambayo watu wa Kanda ya Ziwa hawayapiti bila kuyatupia jicho. Ndipo walipozikwa wengi wa waliokufa katika MV Bukoba, meli iliyopinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika Mwanza. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba abiria 430. Siku ile ilipakia watu wengi kuliko idadi hiyo, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa hata na orodha ya majina. Ndiyo maana hesabu ya waliokufa imebaki kuwa makadirio, mengine yakifika 800 na kuzidi.

Baada ya Igoma barabara ya Musoma huingia Wilaya ya Magu, na mji wa kwanza wenye pilikapilika ni Kisesa: soko, maduka ya pembejeo, bodaboda, na makanisa ya kila dhehebu. Kwenye kilima cha Bujora lipo kanisa la duara lililojengwa kwa kufuata msonge wa Kisukuma, na kando yake makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Katika mji kama huu, msiba mkubwa ukitokea, swali la kwanza kanisani na kilioni huwa lilelile. Je, ni mkono wa Mungu? Tumemkosea nini?

Jibu huja haraka mno. Mhubiri hufungua Agano la Kale, hutaja Sodoma, hutaja Samaria, hutaja Yerusalemu iliyoteketezwa, kisha hulishusha neno hukumu juu ya watu ambao hata matanga yao hayajaanuliwa. Manabii Amosi, Hosea na Yeremia huitwa kuwa mashahidi dhidi ya marehemu. Lakini anayevisoma vitabu vyao kwa utulivu huwakuta wakifanya kazi nyingine kabisa. Walisema kabla ya maafa, walisema na wenye nguvu, na walilitaja kosa kwa jina lake. Aliyeitwa mahakamani katika unabii wa Kiebrania, mara nyingi kuliko wote, ni yule aliyeshika mizani.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kuanza na kisu. Kiswahili husema watu hufanya agano, au huagana. Kiebrania husema watu hukata agano. Katika kitabu cha Mwanzo, Abramu anaamriwa kuleta mtamba, mbuzi jike na kondoo dume, wote wa miaka mitatu. Anawapasua vipande viwili, anavipanga vielekeane, na usiku moto unapita katikati yake. Maana ya tendo hilo haikuhitaji maelezo kwa mfugaji wa zama zile. Anayepita kati ya nyama iliyopasuliwa anajiapiza mwenyewe: nikilivunja neno hili, na mimi nifanywe hivi. Msukuma anaweza kulisogelea wazo hilo kwa njia yake, kwa kuwa wengi hulieleza jina la mtemi, mtawala wa zamani wa Usukumani, kwa kitenzi kutema, yaani kukata. Mtemi ni aliyekata pori la kwanza, au aliyekata shauri watu walipobishana. Huku na kule, mamlaka yanaanza na ukali wa chuma, na chuma hicho kinaweza kumgeukia aliyekishika.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika sura ya 34 ya Yeremia, na ni ajabu kwamba hauhubiriwi mara nyingi. Ni karibu mwaka 588 KK. Majeshi ya Nebukadreza wa Babeli yameizunguka Yerusalemu, na katika nchi nzima ya Yuda miji yenye ngome iliyosalia ni miwili tu zaidi, Lakishi na Azeka. Hofu imeshika mji. Mfalme Sedekia na matajiri wake wanakumbuka sheria ya zamani iliyosema kwamba Mwebrania aliyejiuza kwa sababu ya deni aachiwe huru mwaka wa saba. Sheria hiyo ilikuwa imelala vizazi na vizazi. Sasa wanaiamsha. Ndama anapasuliwa, wakuu wanapita kati ya vipande vyake, watumwa na wajakazi wanaachiwa.

Kisha habari zinafika kwamba jeshi la Misri linakuja, na Wababeli wanaondoka kwenda kulikabili. Mji unapumua. Na katika pumzi ileile, wakuu wanawafuata wale waliowaachia na kuwarudisha utumwani.

Hapo ndipo Yeremia anaponena, na lawama yake ina ukali wa mtu aliyelishuhudia tendo lenyewe. Mliwatangazia ndugu zenu uhuru, kisha mkauondoa. Basi na ninyi mnatangaziwa uhuru wenu, uhuru wa kuachwa mikononi mwa upanga, tauni na njaa. Waliopita kati ya vipande vya ndama watakuwa kama ndama yule. Wababeli watarudi. Walirudi, na mwaka 586 KK mji ukaungua.

Mwaka 1935 mwanaakiolojia James Leslie Starkey alipata katika chumba cha lango la Lakishi vigae vilivyoandikwa kwa wino, barua za askari wa siku hizohizo. Katika kimojawapo, mwandishi anamwarifu mkubwa wake kwamba wanaangalia ishara za moto za Lakishi, maana za Azeka hawazioni tena. Msomaji wa Yeremia hushtuka akifika hapo. Miji iliyokuwa miwili inaelekea kubaki mmoja, na kuna mtu gizani anatazama upande ambako jana kulikuwa na mwanga.

Linalostahili kuangaliwa ni nani aliyehukumiwa katika shauri hilo, na kwa kosa gani. Si mjakazi aliyekamatwa tena shambani. Si maskini aliyejiuza kwa deni. Waliohukumiwa ni wakuu wa Yuda na Yerusalemu, matowashi wa ikulu, makuhani, na kila mwenye mali aliyepita kati ya nyama. Na kosa lao liliweza kuthibitishwa hata na jirani: fulani alimwachia fulani, kisha akamrudisha.

Laana zenyewe hazikutungwa na manabii. Zilikuwa zimeandikwa ndani ya agano, kama masharti katika mkataba. Kumbukumbu la Torati sura ya 28 ina orodha ndefu ya baraka na orodha ndefu zaidi ya laana: ukame, nzige, maradhi, kushindwa vitani, uhamisho. Mwaka 1955, huko Nimrud nchini Iraki, ilichimbuliwa hati ya kiapo ambayo Esarhadoni mfalme wa Ashuru aliwaapisha watawala waliokuwa chini yake mwaka 672 KK ili wamtii mrithi wake. Nakala nyingine ikapatikana Tell Tayinat, Uturuki, mwaka 2009. Laana zake zinafanana na za Torati hata kwa picha. Katika zote mbili mbingu inageuka shaba isiyotoa mvua, na ardhi inageuka chuma.

Mkulima wa Magu hahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Anaijua mbingu ya shaba. Huiona mwezi Februari mahindi yakijikunja na mpunga ukipasukiwa na majaruba.

Tofauti iko kwa anayetiishwa. Esarhadoni aliwaapisha wadogo ili wasimwasi yeye mkubwa. Torati ilichukua umbo hilohilo la mkataba, lakini ikamweka mfalme wa Israeli chini ya kiapo pamoja na watu wake. Sheria ya mfalme katika sura ya 17 ya kitabu hichohicho inamkataza kujirundikia farasi, wake na fedha, na inamtaka ajiandikie nakala ya sheria aisome siku zote za maisha yake. Kwa watu wa zama hizo hilo lilikuwa jambo la kutikisa. Mkubwa naye anaweza kuvunja agano, na akilivunja, nabii ana haki ya kumwambia usoni.

Usukumani kulikuwa na kitu kinacholingana na hilo. Hans Cory, aliyefanya kazi serikalini Tanganyika akichunguza mila, aliandika mwaka 1951 kitabu kizima kuhusu mtemi na taratibu zake. Mtemi alibeba afya ya nchi mwilini mwake. Mvua ilikuwa wajibu wake. Ikikatika miaka mfululizo, mashaka yalimwangukia yeye kabla ya kumwangukia mwingine yeyote, na aliweza kuondolewa kitini. Hapana haja ya kuipamba mila hiyo, kwa kuwa hakuna mtu anayeishika mvua mkononi. Hata hivyo ndani yake lipo wazo ambalo Yeremia angelitambua: nchi inapougua, wa kwanza kuulizwa ni aliye juu. Waingereza walipoleta utawala wa kupitia machifu katika miaka ya 1920, mtemi akawa mtumishi wa serikali mwenye mshahara, na kiti chake kikalindwa na bwana shauri badala ya kulindwa na watu wake. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikaufuta utemi. Ngoma za watawala hao leo zimo Bujora, katika banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na wanafunzi huenda kuzitazama.

Sasa mizani yenyewe. Amosi alitoka Tekoa, kijiji cha Yuda ukingoni mwa jangwa, akiwa mfugaji na mtunza mikuyu. Karibu mwaka 760 KK alivuka mpaka kwenda ufalme wa kaskazini, enzi za Yeroboamu wa Pili, wakati ambapo biashara ilikuwa imenoga. Vitanda vya pembe za ndovu anavyovisema havikuwa chuku. Wachimbuaji wa Samaria, mji mkuu wa ufalme huo, wamepata mamia ya vipande vya pembe zilizonakshiwa. Alipofika kwenye mashtaka dhidi ya wafanyabiashara, Amosi alitaja mbinu zao moja baada ya nyingine kama mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni yao. Wanangoja kwa pupa siku kuu ipite wafungue maghala. Efa wanaifanya ndogo, shekeli wanaifanya kubwa. Mizani wanaichezea. Na wanauza makapi pamoja na ngano.

Efa ilikuwa kipimo cha nafaka cha lita 22 hivi, yaani zaidi kidogo ya debe. Shekeli ilikuwa jiwe la kupimia fedha, lenye uzito wa gramu 11 na ushei. Mawe ya namna hiyo yamepatikana kwa wingi katika magofu ya Yuda, mengine yakiwa na alama ya thamani yake. Mnunuzi aliweka fedha upande mmoja, mwuzaji akaweka jiwe upande mwingine. Jiwe likiwa zito kuliko linavyodai, na debe likiwa dogo kuliko linavyoonekana, maskini ameibiwa mara mbili katika biashara moja, na huenda asijue.

Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa alijua. Kabla ya ushirika, pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi, na malalamiko makubwa ya wakulima yalikuwa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kujipanga vijijini na kuweka mizani zao wenyewe, ili mtu apime pamba yake kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi na ajue uzito wa mzigo wake. Paul Bomani na wenzake walizunguka wakiunganisha vikundi hivyo, na mwaka 1955 vikawa chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo baada ya miaka michache ilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Historia ya siasa huandika kwamba huo ulikuwa mwanzo wa harakati za uhuru katika Kanda ya Ziwa. Ulikuwa pia ufafanuzi wa Amosi uliofanywa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kusikia jina lake.

Ubaya haukwisha. Lumbesa ipo mpaka leo: gunia linashonewa nyongeza juu, linajazwa viazi au vitunguu hadi linachomoza kama kichuguu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza, Wakala wa Vipimo hupita masokoni, na magari yanaendelea kupakia. Ukweli wa Amosi haumwachi mkulima naye, kwa kuwa wapo wanaonyunyizia pamba maji au kuichanganya na mchanga ili iongezeke uzito kabla ya kufika chama cha msingi. Mwenye debe ni mtu yeyote ambaye kwa saa hiyo kipimo kiko mkononi mwake. Waislamu wa Mwanza hawatashangazwa na haya, maana Nabii Shuaibu alitumwa kwa watu wa Madiani waliopunja vipimo, na Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjaji.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo limewapoteza wengi. Neno la Kiebrania mishpat lina maana pana: uamuzi wa hakimu, haki ya mtu, na kazi nzima ya kulinyoosha lililopindwa. Amosi anatamani mishpat itiririke kama maji, na uadilifu kama mto usiokauka kiangazi. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, waliandika hukumu mahali pa mishpat. Hawakukosea, kwa kuwa hukumu, neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana hiyo pia. Lakini sikio la leo likisikia hukumu linasikia adhabu tu, na nabii anayeomba maji kwa ajili ya nchi kavu anaonekana anaomba gharika. Katika nchi ambayo mito yake mingi huwa mchanga mtupu kufikia Agosti, na akina mama hufukua mchanga huo kutafuta maji, mto usiokauka ni jambo ambalo mtu angelipigia magoti.

Hosea, aliyemfuata Amosi kwa miaka michache, anaeleza jinsi kuvunjwa kwa agano kunavyofika ardhini. Anataja kuapa kwa uongo, kuua, kuiba na kuzini, kisha anasema nchi inaomboleza, wanyama wa porini wanadhoofika, ndege wa angani pia, na samaki wanatoweka. Samaki! Mvuvi wa Kayenze au Igombe atalielewa hilo kwa urahisi kuliko profesa. Sangara waliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, wakatapakaa katika miaka ya 1980, na aina kama 200 za furu zikapotea. Kisha sangara wenyewe wakaanza kuandamwa na nyavu za macho madogo na makokoro yanayokomba hata vifaranga. Hapo hakuna radi iliyoshuka kutoka mbinguni. Hosea hatenganishi hukumu ya Mungu na matokeo ya tendo. Kwake ni mkono uleule, ukifanya kazi kupitia udongo, maji na tumbo.

Na hapa ndipo penye ugumu ambao mwandishi mwaminifu hawezi kuuruka. Matokeo hayachagui. Wakuu walivunja agano la watumwa, lakini Yerusalemu ilipoungua waliungua na watoto. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya 101 ambao kiliruhusiwa kubeba, na waliokufa, 228, walikuwa wengi wao watu waliotoka mnadani Bugolora na vifurushi vyao. Kuzidisha mzigo ni kosa la mizani kama lile la Samaria. Wanaozama si waliopakia.

Manabii waliliona hilo na liliwatesa. Habakuki alimlalamikia Mungu waziwazi. Yeremia alilia mpaka jina lake likawa neno la kilio katika lugha za Ulaya. Hawakutoa nadharia ya kuwafariji. Lakini hawakuwahi kulitatua kwa njia rahisi ya kusema kwamba mtoto aliyekufa njaa alistahili njaa. Maombolezo, kitabu cha watu waliosalia katika magofu, kinakiri dhambi ya taifa na papo hapo kinamwonyesha Mungu watoto wanaozimia njiani na kumtaka atazame.

Tazama. Kwa Kisesa, neno hilo lina historia. Mwaka 1994 ulianza katika kata hiyo utafiti wa muda mrefu wa VVU, unaoendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kituo cha Mwanza, na mradi wake ukaja kujulikana kwa jina la TAZAMA. Kaya zilihesabiwa na kurudiwa mwaka hadi mwaka, watu wakapimwa. Mwanzoni watu wazima takriban 6 katika kila 100 walikuwa na virusi, na sokoni kwenye barabara kuu hali ilikuwa mbaya kuliko vijijini. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa kitaifa mwaka 2004. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 20 tangu wagonjwa 3 wa kwanza kuripotiwa Kagera mwaka 1983, kilichokuwepo kwa wengi ni mazishi na maelezo. Na maelezo yaliyokuwa tayari ni kwamba Mungu ameadhibu uzinzi.

Ndani ya nyumba za watu, maelezo hayo yalimfikia mke aliyeambukizwa na mumewe ndani ya ndoa, na mtoto aliyezaliwa na virusi. Mwaka 2010 watafiti walichapisha uchunguzi uliofanywa katika kata hiyohiyo kuhusu madai ya watu kuponywa UKIMWI kwa maombi. Madai hayo yana mantiki yake ya kusikitisha: ugonjwa ukiitwa hukumu, basi dawa yake ni kuungama, na anayeendelea kumeza vidonge anaonekana haamini. Mafundisho yakiwa potofu juu ya Yeremia, mtu anaweza kufa nayo.

Lipo lililo baya zaidi. Mwanaanthropolojia Simeon Mesaki alikusanya takwimu za mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi kati ya mwaka 1970 na 1984: zaidi ya watu 3,600 Tanzania Bara, karibu theluthi mbili yao Usukumani, wengi wakiwa wanawake wazee. Macho mekundu ya bibi, yaliyowekwa mekundu na moshi wa miaka 50 jikoni, yaligeuzwa ushahidi. Zamani maswali ya ukame na vifo yalimpandia mtemi. Sasa yalimshukia mjane asiye na mtu. Katika msako wa serikali dhidi ya mauaji hayo, watuhumiwa kadhaa walikufa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakumpiga mtu yeyote kwa mkono wake. Alijiuzulu kwa sababu yaliyotendeka yalitendeka chini ya dhamana yake, na tendo hilo liko karibu zaidi na maana ya agano kuliko hotuba nyingi kuhusu laana.

Biblia yenyewe ina kisa cha jinsi uwajibikaji unavyoweza kupotoshwa. Katika 2 Samweli 21 kuna njaa ya miaka mitatu. Sababu inayotajwa ni kwamba Mfalme Sauli aliwaua Wagibeoni, watu ambao Israeli iliwaapia kuwa itawaacha hai. Mfalme alivunja agano, mvua ikakatika: Msukuma wa enzi za utemi angetikisa kichwa kwa kukubali. Lakini Sauli amekwisha kufa, na Wagibeoni wanadai damu, na Daudi anawatoa wana na wajukuu saba wa Sauli wauawe mlimani. Wawili ni wana wa Rispa. Mama huyo anachukua gunia, anatandika mwambani, anakaa hapo tangu mavuno yalipoanza hadi mvua iliponyesha, mchana akifukuza ndege, usiku akifukuza wanyama. Hasemi neno lolote katika kisa chote. Daudi anaposikia alilolifanya, ndipo anapokusanya mifupa ya waliouawa pamoja na ya Sauli na Yonathani na kuizika kwa heshima. Na mwandishi anaweka hapo, baada ya maziko, maneno kwamba Mungu aliikubali dua ya nchi. Msomaji anaachwa alipime hilo. Kuua wana hakukutajwa kuwa ndiko kulikofungua mbingu.

Karne kadhaa baadaye, kati ya mateka huko Babeli, Ezekieli aliitoa mahakamani methali iliyosema kwamba zabibu mbichi za wazazi hutia ganzi meno ya watoto. Kila nafsi itajibu kwa lake, alifundisha, na mwovu akigeuka ataishi. Mlango huo uliachwa wazi na karibu manabii wote. Yeremia alipotabiri kwamba hekalu litaharibiwa, makuhani walitaka afe. Wazee wa nchi walisimama na kukumbusha kwamba miaka 100 iliyopita Mika wa Moreshethi alitabiri jambo hilohilo, kwamba Sayuni italimwa kama shamba, na Mfalme Hezekia hakumwua. Alimcha Mungu, na maafa yakazuiliwa. Kwa wazee hao unabii wa Mika haukuwa wa uongo kwa sababu haukutimia. Ulifanya kazi yake. Ahikamu mwana wa Shafani akamlinda Yeremia asikabidhiwe kwa umati. Mwaka 1982, katika uchimbaji wa mji wa kale wa Yerusalemu, ilipatikana mihuri 51 ya udongo, mmojawapo ukiwa na jina la Gemaria mwana wa Shafani, anayedhaniwa kuwa mtu wa nyumba hiyohiyo. Hati za mafunjo zilizofungwa kwa mihuri hiyo ziliungua Wababeli walipochoma mji. Moto uleule uliichoma mihuri ikawa migumu kama tofali, ikadumu.

Mji ukiwa bado umezingirwa, Yeremia akiwa amefungwa katika uwanja wa walinzi, Hanameli binamu yake alimjia na jambo la familia. Kulikuwa na shamba huko Anathothi, kijijini kwao, na haki ya kulikomboa ilikuwa ya Yeremia. Eneo hilo lilikuwa tayari mikononi mwa adui. Hakuna dalali ambaye angelipa hata senti. Yeremia, ambaye kwa miaka 40 alikuwa ameitangaza hukumu ya nchi hiyo, aliomba mizani. Mbele ya mashahidi alimpimia binamu yake shekeli 17 za fedha, chini kidogo ya gramu 200, akaandika hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja ya wazi, akamkabidhi Baruku mwandishi wake, akamwagiza aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi, kwa kuwa mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hiyo.